Mashine ya Bosi

Pasi ya mkaa haina huruma. Ukiipuliza inakurushia cheche, usipoipuliza inapoa, na shati jeupe la mtu likipata doa utalilipa wewe. Mpiga pasi alizoea ya umeme, lakini katika nyumba ile pasi ya umeme na mashine ya hewa haziwaki pamoja. Swichi kubwa inaanguka. Basi, ile ya umeme akaisukumia uvunguni, akaazima ya mkaa, akawa anapigia nguo mlangoni ili jicho moja libaki kwa mwanawe.

Mwanawe alikuwa binti wa miaka sita mwenye amri za mtu mzima, na nyumba nzima ilimwita Bosi. Mapafu yake yalikuwa mabovu. Hospitali ilimlaza, kisha ikamrudisha nyumbani na mashine ya kuazima na mirija ya hewa puani, kwa sababu kitanda kilikuwa kinatakiwa. "Asikae bila hii," nesi alisema. Umeme utatoka wapi, hilo halikumhusu.

Nyumba ilikuwa na wapangaji watatu na mita moja. Walikubaliana: Mama Barafu asiwashe friji yake kubwa ya biashara, kinyozi wa chumba cha mbele aendelee kunyoa maana kimashine chake hakili umeme mwingi, na baba mwenye nyumba asijue kitu. Mtu huyo alikuwa anakataza hata jiko la umeme.

Asubuhi hiyo baba mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, ananyolewa bure kama kawaida yake, kwani mchana alikuwa na kikao na wakubwa. Upande wa kulia ulikuwa umeshaisha. Mara umeme, pa! Chumba cha nyuma mashine ya hewa ikapiga king'ora.

"Bosi! Vuta pumzi, mwanangu! Taratibu, nipo!" Mpiga pasi alishaitupa pasi chini. Midomo ya mtoto ilikuwa inabadilika rangi. Kinyozi alikuja mbio hadi kwenye swichi ya korido, akaipandisha. Ikaanguka. Akaipandisha tena, ikaanguka.

"Nani kawasha kitu?"

"Mimi!" Mama Barafu alitoka chumbani kwake mikono kichwani. "Nimewasha friji kidogo tu, jamani, barafu ya watu inayeyuka! Nimeichomoa! Pandisha!"

Swichi ikashika, mashine ikanguruma. Midomo ilirudia rangi yake polepole. Mpiga pasi alikaa sakafuni kando ya mwanawe, na Mama Barafu akalia waziwazi bila kujificha.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilisema dakika chache tu."

"Shangazi, unalilia nini?" Bosi aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi sijafa."

"Toto hili!" alisema Mama Barafu, akicheka na kamasi zake.

Hapo ndipo walipomwona baba mwenye nyumba mlangoni, kitambaa cha kinyozi shingoni, nywele upande mmoja.

"Kumbe nyumba yangu mmeigeuza hospitali! Nyaya za humu ni za zamani. Zikiwaka moto je?"

Kuhusu nyaya hakukosea. Zilikuwa mbovu tangu zamani, na kila walipomwambia azibadilishe alijibu mwezi ujao.

"Tubadilishie basi, mzee," alisema mpiga pasi.

"Hama leo. Peleka mtoto kwa ndugu zako. Ah, nimesahau, siku ya kupanga uliniambia huna ndugu."

"Siku ile sikuwa nao."

Baba mwenye nyumba aligeuka kuifuata swichi. Mama Barafu alishavuta kigoda, akakaa chini ya swichi, na mwili wenyewe Mungu hakumnyima.

"Shangazi yake huyu hapa. Nisogeze kama unaweza."

"Na mimi baba yake mdogo," alisema kinyozi. "Ukizima, mzee, kimashine changu nacho kimezimika. Utaenda kikaoni hivyo hivyo."

Mzee alijipapasa kichwa, kisha hasira zikamshinda. Akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Mama Barafu, akaishika swichi. Mpiga pasi akainuka, akalifungua pazia la mlango wa chumba chake mpaka mwisho.

"Zima. Lakini zima huku unamtazama."

Akamtazama. Bosi naye alimtazama, kifua kinapanda na kushuka.

"Babu, mbona umenyolewa nusu?"

Hakuna aliyecheka. Mkono uliganda pale, halafu ukashuka.

"Mwisho wa mwezi mtoke. Wote!"

"Wote?" aliuliza kinyozi.

"Nimesema wote!" Akatoa kofia mfukoni, akajitwisha, akatoka na kitambaa cha watu shingoni.

Mpiga pasi aliokota makaa moja moja kwa koleo. "Nimewaponza," alisema. "Wateja wenu wote wako hapa. Nitamwomba mzee awaache, nihame peke yangu."

"Peke yako na nani?" Mama Barafu hakuwa ameondoka kwenye kigoda. "Kinyozi, wewe unashika vichwa vya watu kutwa nzima, ulizia nyumba. Vyumba vitatu, nyaya mpya."

"Mimi nataka dirisha," alisema Bosi.

"Umesikia?" Mama Barafu alimgeukia kinyozi. "Na dirisha."