Mbeba Sanduku la Kapteni

Jumapili hiyo Mbula alikuwa ameketi kwenye kigoda sebuleni, ungo wa mbaazi mapajani, akitoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu. Mjukuu wake Tracy alikuwa sakafuni akijipaka rangi ya kucha. Saa moja jioni televisheni ilianza kuonyesha tamthilia iliyosubiriwa Kalama nzima, kwa kuwa ilipigwa picha mwaka uliotangulia kwenye vilima vilivyo nyuma ya nyumba zao. Vilima hivyo vilikuwa vimefanywa kuwa Uhabeshi.

Tamthilia ilitokana na riwaya za zamani za Kiingereza kuhusu Kapteni Thorley, ofisa wa Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, aliyepigana na Waitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia. Kapteni alikuwa na masharubu, farasi na ujasiri usiopungua. Katika kila riwaya alipigwa risasi begani, na katika iliyofuata bega lilikuwa limepona.

Nyuma ya farasi walitembea askari weusi. Wengi wao Mbula aliwajua, maana walikuwa vijana wa Kalama waliovalishwa kaptura. Jirani yake Kiema, mwenye mvi, alikuwa amefanywa mpishi. Wa mwisho kabisa alikuja kijana aliyebeba sanduku la chuma kichwani, akilishika kwa mikono miwili. Mguu wa kushoto aliutupa nje kidogo alipotembea, kama alivyotembea marehemu Jeremiah, mwanawe Mbula. Alipofumbua kinywa kuhema, meno yake ya mbele yalionekana yamechongwa, kama walivyochongwa vijana wa zamani.

"Yule ni baba yangu," Mbula alisema, akaokota jiwe kwenye mbaazi.

Tracy aliinua macho. "Yupi, susu?"

"Mwenye sanduku."

Tracy alitazama mguu wa kushoto. "Anatembea kama baba," alisema, akapuliza kucha zake.

Baba yake Mbula aliitwa Muthoka. Alienda vitani mkewe, Ndanu, akiwa na mimba, na hakurudi. Karani wa DC alikuja kusema amepotea. Hakusema amepotelea wapi, wala hakushuka kwenye baiskeli.

Mbula alizaliwa baada ya hapo. Siku ya tatu wanawake walimpa jina, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya nne baba wa mtoto humvisha ithaa, mkufu mwembamba wa mtoto mchanga, na hapo ndipo mtoto anapotoka mikononi mwa mizimu na kuwa mtu miongoni mwa watu. Baba mdogo alijitolea kumvisha badala ya kaka yake. Nyanya yake Mbula akakataa. Alisema Muthoka aliacha neno: mtoto asivishwe na mtu mwingine, yeye mwenyewe angekuja. Basi ithaa ikawekwa ndani ya kitete, kibuyu kidogo, na kitete kikatundikwa juu ya meko.

Mbula alikuwa sasa na miaka themanini na minne. Alikuwa amebatizwa, ameolewa, amezaa, amezika mume na mwana, na ithaa bado ilikuwa ndani ya kitete. Utotoni, watoto wa baba mdogo walipokosana naye walimwambia, "Wewe nyamaza, hujavishwa." Mwaka huo moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, na alikuwa amemwambia padri kwamba hataki kuzikwa kabla ya kuvishwa. Padri alimweleza kuwa ubatizo unatosha. Mbula alikubaliana naye, akaendelea kutaka.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha na matangazo ya mafuta ya kupikia kuanza, Muthoka alitoka kwenye televisheni. Kwanza lilitoka sanduku, halafu yeye, kwa uangalifu, kama mtu anayepita kwenye pengo la ua wa michongoma. Alisimama kwenye zulia, vumbi jekundu miguuni.

"Hodi, mwaitu," alisema, maana ndivyo kijana anavyomwita mama mzee.

"Karibu," Mbula alisema. "Tua mzigo."

"Siwezi kutua. Ni amri."

"Ya nani?"

"Ya Kapteni. Alisema nisitue mpaka aseme yeye. Hajasema."

Mbula aliweka ungo chini, akanawa mikono, akaleta uji wa mawele. Kwa kuwa mikono ya mgeni ilikuwa juu, alimlisha kwa kijiko. Ilibidi apande kwenye kigoda. Kijana alikunywa bakuli zima, akashukuru, akatazama taarifa ya habari kwa heshima. Ilipokwisha alirudi alikotoka, kwa sababu Kapteni angemtafuta.

Tracy alifagia vumbi. Halikuwa na tofauti na vumbi la nje.

Kesho yake alimpigia simu Nuradin, aliyewauzia televisheni pale mjini Machakos.

"Picha iko sawa?" Nuradin aliuliza.

"Picha iko sawa. Ni mtu ndio anatoka."

"Sauti?"

"Hata sauti."

"Basi, dada yangu, hiyo ni TV mzima. Mimi nauza TV, siuzi watu wako ndani. Huyo mtu akivunja kioo akitoka, warranti haiko."

Kiema alikuja kuulizwa kuhusu yule mwenye sanduku. Alisema anamkumbuka vizuri. Hakuandikwa kazi na yeyote. Alitokea asubuhi moja kutoka upande wa juu wa kilima akiwa tayari amevaa, na mwelekezi alifurahi sana, akasema hatimaye kumepatikana mtu anayejua kutembea kama askari. Wakati wa chakula hakupanga foleni. Alisimama kando na sanduku lake.

"Na hamkumsaidia kulitua?" Mbula aliuliza.

"Nilimwambia, wewe kijana, picha imesimama, tua hiyo kitu! Akanitazama tu. Nikadhani anajifanya, wajua hawa waigizaji. Mimi nilikuwa niko na sufuria zangu."

Jumapili ya pili Mbula alimweleza Muthoka kwamba yeye ni binti yake. Muthoka alimsikiliza kwa adabu.

"Mwaitu, mke wangu ana mimba," alisema. "Mtoto wangu bado hajazaliwa."

"Alizaliwa. Ni mimi."

Hakubishana naye, maana hakulelewa kubishana na wazee. Lakini kila Jumapili Mbula alimwongezea jambo: jina la Ndanu, kovu la Ndanu kwenye goti, ng'ombe mwenye pembe moja, wimbo ambao Ndanu aliuimba akisaga. Kwenye wimbo Muthoka alianza kulia. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mbula alimfuta kwa ncha ya leso.

"Basi umenipita umri," Muthoka alisema.

"Umechelewa, nau," Mbula alisema. Nau ni baba, na hakuwahi kumwita mtu yeyote hivyo.

"Ni hili sanduku."

Hapo Mbula alileta kitete, akamwonyesha ithaa, akamweleza anachotaka. Muthoka aliitazama ithaa muda mrefu. Alisema yuko tayari sasa hivi kama mikono ingekuwa yake. Kiema na vijana wawili waliitwa, wakashika sanduku kila upande, wakalivuta juu mpaka mishipa ikawasimama shingoni. Halikuachana na mikono. Ndani vilisikika vitu vikigongana, kama vikombe.

"Msivunje!" Muthoka alisema kwa hofu. "Tafadhali, msivunje."

Tracy alipiga simu Nairobi, kwa kampuni iliyotengeneza tamthilia. Kijana mmoja alipokea.

"Tulikuwa tunaomba mumwambie Kapteni aseme sanduku litue," Tracy alisema. "Neno moja tu."

"Siste, hiyo kitu tulimaliza kushuti mwaka jana. Kapteni alisharudi kwao. Hakuna kitu inaweza badilishwa."

"Na hilo sanduku halitui kabisa?"

Karatasi zilisikika zikipinduliwa. "Linatua. Epi ya mwisho. Ambia shosho avumilie."

Mbula alivumilia. Tracy naye alitafuta riwaya ya mwisho ya Kapteni Thorley kwenye simu yake, akaisoma jikoni kwa siku kadhaa akingoja maharagwe yaive. Mbeba sanduku alitajwa mara chache, mara moja kwa sababu alikohoa usiku na kumwamsha farasi. Jina hakupewa. Tracy aliposoma ukurasa wa mwisho alizima simu, akaenda kufungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu. Mbula alipomuuliza, alijibu kwamba sanduku linafika chini. Ilikuwa kweli.

Jumapili iliyotangulia ile ya mwisho, Mbula alimfunga Muthoka ithaa kwenye kifundo cha mkono, akaizungusha mara mbili na kukaza fundo.

"Ukitua tu, usianze kuitafuta," alimwambia. "Njoo nayo moja kwa moja."

"Nitakuja mbio," Muthoka alisema. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alimtania Mbula kwamba atahitaji ithaa ndefu zaidi, shingo yake si ya kitoto tena.

"Na wewe utahitaji kuoga," Mbula alisema. "Unanuka farasi."

Siku yenyewe Mbula alivaa gauni la kanisani na kusuka nywele, shingo ikabaki wazi. Majirani waliketi mpaka mlangoni. Uji ulikuwa tayari, na pembeni kulikuwa na beseni la maji na sabuni mpya.

Kapteni Thorley aliongoza kikosi kuvuka bonde. Watu wa Kalama walilitambua bonde. Ni pale wanapochota mchanga. Waitaliano walifyatua risasi kutoka kwenye miamba. Muthoka alikuwa wa mwisho, kama siku zote. Alipigwa kifuani, akapiga magoti kwanza, akainamisha shingo polepole ili sanduku lisidondoke kwa kishindo, likateleza mbele yake kwenye nyasi. Kisha akalala ubavu.

Kapteni alipiga ukelele. Aliruka kutoka kwenye farasi, akakimbia kurudi nyuma katikati ya risasi, na watu waliokuwa mlangoni wakasimama. Alimpita Muthoka, akapiga magoti mbele ya sanduku, akalifungua. Ndani mlikuwa na vikombe vya chai vya mama yake, vya maua ya samawati. Alivitoa kimoja kimoja. Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Machozi yakamlenga Kapteni na muziki ukaanza.

Kwenye pembe ya picha mikono ya Muthoka ilikuwa wazi juu ya nyasi, haijashika kitu. Ithaa ilionekana kwenye kifundo.

Mbula aliinuka. Alienda mpaka kwenye televisheni, akainama, akaweka shingo yake karibu na kioo upande ule wa mikono, akangoja. Kioo kilikuwa na joto. Picha ikahama, ikamfuata Kapteni aliyekuwa akinywa chai mlimani. Mbula aliendelea kuinama. Majina ya waigizaji yalipita juu ya mgongo wake kwenda juu.

"Farasi ameandikwa," Kiema alisema.

Matangazo ya mafuta ya kupikia yalikuja, kisha habari. Hakuna aliyetoka. Tracy alinyoosha mkono achukue rimoti.

"Usizime," Mbula alisema.

Majirani waliaga kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoka matangani. Tracy alimwaga maji ya beseni kwenye miche ya sukumawiki na kuirudisha sabuni kwenye karatasi yake. Wiki zilizofuata Mbula alipanda ngazi ya kanisa kwa kupumzika katikati, na daktari wa Machakos alimbadilishia dawa.

Kisha lilikuja tangazo kwamba, kwa kuwa watazamaji wengi wameomba, tamthilia ingerudiwa tangu mwanzo.

Jumapili hiyo Mbula alikuwa kwenye kigoda, ungo mapajani. Kapteni alipita juu ya farasi, bega likiwa zima. Wa mwisho alikuja Muthoka na sanduku. Matangazo yalipoanza alitoka, sanduku kwanza, akasimama kwenye zulia. Hakukuwa na alama yoyote kifuani mwake. Ithaa ilikuwa kwenye kifundo, fundo lile lile.

"Hodi, mwaitu," alisema, na macho yake hayakumjua.

"Karibu. Tua mzigo."

"Siwezi kutua. Ni amri."

Mbula alinawa mikono, akaleta uji, akapanda kwenye kigoda.

"Hiyo iliyo mkononi ni nini?" aliuliza.

Muthoka aliinua macho kuitazama, kwa kuwa mikono yake ilikuwa juu.

"Ni ithaa ya mtoto wangu," alisema. "Mke wangu ana mimba. Nikitua hili sanduku naenda kumvisha."

Tracy alifungua kinywa. Mbula alimtazama, naye akakifunga.

"Ni nzuri," Mbula alisema.

"Mwaitu, kama utapita kwetu, nifikishie neno. Waambie mtoto asivishwe na mtu mwingine. Wanisubiri. Nitakuja mimi mwenyewe."

"Wanakusubiri," Mbula alisema.

Alipuliza uji upoe, akainua kijiko. Muthoka akafumbua kinywa.