Mawe Yaliyozidi

Kama kuna mtu ambaye hakupaswa kulilalamikia lile tope, ni Fundi Soli. Kila msimu wa mvua kichochoro kinachotoka shuleni kiligeuka uji. Kiling'oa soli, kikameza kandambili, na wenye viatu wakaishia kibandani kwa Fundi wakiwa wamevibeba mkononi. Majirani walimtania kwamba tope ndilo mke wake mkubwa, maana ndilo linalompikia. Yeye alicheka tu, akaendelea kuvuta uzi.

Mwaka huu hakucheka. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, aliteleza pale kichochoroni akaumia goti, na tangu siku hiyo hakutoka nje. Daktari hakuzunguka mbuyu: mama huyu atembee kila siku, la sivyo goti litakakamaa na hatasimama tena. Haya, atembee wapi? Ukivuka kizingiti chake tu unazama mpaka kwenye vifundo. Fundi alimkuta kila jioni dirishani, mikono mapajani, yule mwanamke ambaye zamani hakujua kukaa, na roho ilimuuma sana.

Maana tope hilihili ndilo dada alilompitishia mgongoni. Yeye alikuwa na miaka sita, dada kumi na mitatu. Asubuhi dada alikunja sketi, akampandisha mgongoni, akaingia topeni miguu mitupu, ili viatu vya mdogo wake, jozi moja tu tena ya mtumba, vifike shule vikavu. Njiani alimwambia, "Haya, nisomee ya jana." Naye alisoma, kidevu begani kwa dada, akinusa mafuta ya nazi kwenye nywele zake. Jamani, ile harufu. Angeipata leo dukani angenunua chupa nzima aiweke kabatini.

Basi akaenda ofisi ya mtaa. Karani alimtazama juu mpaka chini.

"Fundi, wewe ndiye unataka njia ikauke? Utakula nini?"

"Kazi nitatafuta nyingine. Dada nitampata wapi mwingine?"

Karani akalegea. Akamwambia alete barua yenye urefu wa njia kwa futi, kuanzia lango la shule mpaka kibandani. Kutoka kibandani hadi mlangoni kwa dada, hapana, hiyo si njia ya umma. Fundi alibembeleza mpaka midomo ikakauka, wapi!

Sasa, mtu aliyeshona viatu miaka thelathini na mitano, ukimwambia apime, atapimia nini? Bwana aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba futi moja ni urefu wa unyayo, naye hakuwahi kuuliza unyayo wa nani. Alichukua ule mguu wa mbao anaoshonea viatu vya kike, akainama, akaupanga kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, kutoka langoni hadi kibandani. Waliopita walidhani kachanganyikiwa. Zikafika mia sita na mbili. Akaandika futi mia sita na mbili kwa moyo mweupe kabisa.

Mawe yalikuja baada ya miezi miwili. Vibarua waliyapanga tangu langoni, wakafika kibandani, na bado lundo lilikuwa limebaki. Msimamizi alisoma barua, akavuta futikamba yake, akasoma tena.

"Mzee, hizi futi ulipimia nini?"

Fundi akamwonyesha ule mguu wa mbao. Msimamizi aliupima kwa futikamba, ukatoka inchi tisa badala ya kumi na mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Lori lilikuwa limeshaondoka, na hakuna aliyetaka kuyapakia tena.

"Niambie basi tuyamwage wapi."

Fundi alinyoosha kidole kwenye mlango wa dada, na vibarua wakayapanga mpaka kizingitini.

Asubuhi iliyofuata dada alitoka, bakora mkono mmoja, bega la mdogo wake mkono wa pili. Fundi alikuwa ameweka kiti na mto pale kibandani, akijua safari itaishia hapo. Dada alikitazama kiti, akakipita.

"Dada, pumzika kidogo."

"Nitapumzika nikifika."

Walikwenda polepole, wakisimama kila hatua chache, mpaka langoni. Ndani watoto walikuwa wanasoma kwa sauti. Dada alihema, kisha akasema, "Hapa ndipo nilikuwa nakushusha. Halafu nageuza."

Fundi alisubiri ageuze. Ndipo aibu ikamshika, maana miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kujiuliza kwa nini dada haingii.

Dada aliachia bega lake, akasukuma lango kwa bakora, akaingia ndani.