Rekodi Yenye Kelele

Mimi kelele kwenye rekodi siziwezi. Waulize wanakwaya wa Shinyanga mjini, nimeshamfukuza mtu studio kwa ajili ya bangili tu. Studio yenyewe ni chumba kimoja pale Kambarage, magodoro ukutani, kompyuta ya mezani pembeni. Ile kompyuta ina diski kuu ya zamani, ile inayohifadhi kazi zote, na mwezi wa tano ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga.

Mwezi huohuo ndipo alipokuja Mama Wema kutoka Ushirombo, mwimbishaji wa kwaya ya parokia yao. Alikuwa na uvimbe mkubwa wa tezi shingoni, na keshokutwa yake alikuwa anafanyiwa upasuaji Mwanza. Daktari alishamwambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi kama zamani. Sasa binti yake Wema anafunga ndoa mwezi wa nane, na wimbo wa kumwingiza kanisani mama mtu ameutunga mwenyewe. Alitaka bibi harusi aingie kwa sauti ya mama yake, si ya mtu mwingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Basi langu ni saa saba, tusicheleweshane."

Aliimba mara moja, mwanzo hadi mwisho. Jamani! Nilisahau hata kuangalia mitambo. Lakini nilipovaa spika za masikioni nisikilize, chini ya ile sauti diski inanguruma, vuuu, vuuu. Nikapandwa na hasira.

"Mbona mimi naona umetoka vizuri?" alisema. "Si tuuache huohuo?"

"Mama, hapa kwangu haitoki kazi chafu. Nipe nusu saa."

Diski ilikuwa imejaa video za harusi za watu. Nikaufuta ule wimbo ili nipate nafasi, wala sikumwambia.

Nikafungua kompyuta. Nikakaza skrubu, wapi. Nikaweka kadibodi chini yake, bado inatetema. Mwishowe nikakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, nikaining'iniza diski katikati isiguse bati popote. Nikawasha. Kimya! Nikajiona fundi kwelikweli, kumbe hiyo nusu saa imekuwa saa mbili na nusu.

Mama Wema akasimama tena kwenye maiki. Ubeti wa kwanza, sauti ikakwama. Nikampa maji ya uvuguvugu, akajaribu tena, ikakatika palepale.

"Nimechoka, baba. Tezi inabana." Akachukua mkoba wake. "Si ule wa kwanza upo? Utautumia huohuo."

Nikasema ndiyo. Mdomo wangu huu ulisema ndiyo.

Kesho yake niliibeba ile diski hadi Kahama, kwa Meshack, fundi kompyuta wa Nyasubi. Alihangaika nayo siku mbili. Akaniambia zile rekodi mbovu za baadaye zimeandikwa palepale ulipokuwa ule wimbo, hakuna cha kuokoa. Nilirudi Shinyanga najitukana njia nzima.

Mwezi wa saba Mama Wema akaja. Shingo imepona vizuri, anatembea kwa nguvu, lakini sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, tena ya mikwaruzo. Ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie.

"Nimefuata wimbo wangu," alisema.

Nikamweleza yote, hata ile ndiyo ya uongo. Nilikuwa nasubiri matusi, na ningeyapokea. Hakunitukana. Alikaa kwenye stuli, akaiangalia kompyuta muda mrefu, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

"Ulikuwa mzuri?" aliniuliza.

"Ulikuwa mzuri sana, Mama."

"Basi harusini njoo," alisema, "umwambie Wema ulivyokuwa. Ni wewe tu uliyeusikia."