Sindano ya Kila Asubuhi

Fundi cherehani alikuwa mbishi, tena mbishi wa kuzaliwa. Jicho la kushoto lilishakufa zamani. La kulia alipandikizwa kioo cha mbele ya jicho, kilichotolewa kwa marehemu mmoja, mtu asiyemjua hata kwa sura. Mwaka uliofuata mtoto wa jicho akamzidia, wakamtia na lenzi ya bandia. Daktari akamkanya, "Ukiona ukungu, hata kidogo, uje siku hiyohiyo. Lenzi ikisogea itakikwangua kioo kwa nyuma, na kioo kikishakufa hakifufuki."

Mkewe hakutaka kubahatisha. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimpa sindano nyembamba na uzi mweusi. Fundi akitunga, mke anashusha pumzi.

"Leo je, baba watoto?"

"Leo nakuona mpaka umbea wako."

Basi wanacheka, wanakunywa chai.

Ukungu ulipoanza, mezani palikuwa na gauni la harusi la binti yao, limebaki mikono na pindo. Akajiambia, nimalize hili kwanza, halafu nitakwenda. Asubuhi akalowesha uzi mdomoni, akaubana kwa kucha, akaupitisha. Vidole vilivyoshona miaka thelathini, jamani, vinahitaji macho ya nini? Mke akashusha pumzi. Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na gauni akilimalizia kwa kupapasa.

Lilivaliwa, likasifiwa. Yeye aliona weupe tu unapita mbele yake.

Jumatatu baada ya harusi ndipo alipokiri kwa mkewe kuwa anaona ukungu, wakaenda hospitali. Daktari alimulika jicho, akamulika tena, akazima taa.

"Lenzi imesogea siku nyingi. Kioo kimekufa, na kupandikiza kingine siwezi kuwaahidi. Mngewahi, tungeirudisha mahali pake."

"Lakini daktari, jana tu ametunga sindano," mke akasema. "Nimemwona mwenyewe."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilikuwa natunga kwa vidole, mama watoto."

Mke alikuwa amemshika bega. Hakuutoa mkono mpaka nyumbani.

"Mwenzangu alikufa akaniachia jicho lake," fundi alisema mlangoni, "nami nimelizika tena." Akalia kama mtoto.

Asubuhi iliyofuata, kwa mazoea, mke akafungua kopo la sindano, akamwekea moja kiganjani pamoja na uzi. Fundi akatunga, mara moja tu, akamnyooshea. Mke akaipokea. Safari hii hakushusha pumzi.