Wanaokuja Baada ya Alasiri

"Mama Hanifa, hivi wale wanaume wa kiwandani wanaoingia kwako baada ya Alasiri, wanafuata nini?"

Johari, jirani yangu, aliniuliza hivyo uani tukipeta uwele, wala sauti hakuishusha. Mimi ni mjane. Tangu nitoke eda ya marehemu Amri, hakuna mwanaume aliyekanyaga kwangu bila mlango kuachwa wazi, na hapa mtaani Utemini wanajua. Jibu nilikuwa nalo. Nikanyamaza, nikaendelea kupeta.

Aliyeshindwa kunyamaza ni mwanangu Hanifa. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wananifuata mimi, shangazi! Nawauliza habari za kazi zao, naandika kitabu changu cha chuo."

"Ahaa! Na mimi nilishaanza kumtafutia mama yako kanga za harusi," Johari akacheka.

Mimi sikucheka.

Hanifa alikuwa anasomea shahada ya pili huko Dar es Salaam, habari za makampuni yanayotoka nchi moja kwenda nyingine na namna yanavyoongoza watu. Hicho kitabu chenyewe wanakiita tasnifu. Kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti kilikuwa cha ushirika, kikauzwa kwa wageni miaka ile ya kuuza kila kitu, naye alitaka kujua wenyeji wanaishije na wakubwa wapya. Kule kiwandani kila aliyeulizwa alijibu, "Tunashukuru," basi. Ndipo akawaita nyumbani, akawaahidi mbele yangu kwamba hakuna atakayejua walikuja.

Wa kwanza alikuwa Abdulhamidi, mtoto wa marehemu dada yangu, afisa utumishi wa palepale kiwandani. Alieleza habari za kijana aliyeletwa kutoka nje, kwamba yeye Abdulhamidi ndiye aliyemfundisha kazi, na sasa kijana ndiye mkubwa wake. Alieleza mpaka machozi yakamlenga. Baada yake akaja Alute wa kwenye mashine, nguo zinanuka mashudu ya alizeti, na wengine. Mimi nilikaa kizingitini na tasbihi yangu, maana binti hakai peke yake na wanaume.

Ahadi ile sasa, pale uani, ilikuwa imevunjwa, na imevunjwa ili kulilinda jina langu. Johari hana ubaya, ila mdomo wake hauna kitasa.

Tangu siku hiyo Hanifa hakula akashiba. Anaandika, anafuta, anasimama dirishani.

"Mama, wakimfukuza Alute, watoto wake itakuwaje? Kosa litakuwa langu."

Namwambia aswali. Na mimi mwenyewe nikiswali rakaa zinanipotea.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Abdulhamidi akabisha hodi. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia siku Hanifa alipomuuliza. Chai hakuigusa.

"Mkubwa wangu amesikia watu wanakuja hapa kuisema kampuni. Anataka majina. Asipoyapata, anakiandikia chuo kwamba Hanifa aliingia kiwandani kwa hila. Hapo masomo kwisha."

"Kaka, niliwaahidi," Hanifa akasema.

"Ahadi! Msomi mzima umeshindwa na swali la jirani, leo unaniambia ahadi?" Akashusha sauti. "Sitaki wote. Nipeni Alute tu. Yule kila mtu anajua anapenda kusema. Nikimpeleka huyo, yatakwisha."

Hanifa alinitazama. Nilimwona midomo inacheza, nikaogopa kwamba ataona ni afadhali mmoja aumie. Abdulhamidi naye aliona. Akanigeukia mimi.

"Mama mdogo, wewe ni mtu wa swala, uongo huujui. Ulikaa hapo mlangoni. Alute alikuja, hakuja?"

Niliiweka tasbihi mapajani. Huyu nimemlea baada ya dada kufa.

"Uongo siwezi, mwanangu," nikasema. "Kwa hiyo nikifungua mdomo kutaja watu mbele ya mkubwa wako, sitaruka hata mmoja. Nitaanza na wa kwanza. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Aliinama akakitazama kiti alichokalia kama ndiyo kwanza anakiona. Akanitazama, akamtazama Hanifa, jasho likimtoka chini ya kofia. Nikasubiri aseme neno, liwe baya au jema, nijue atakachofanya akifika kwa mkubwa wake.

Akainuka. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akampita Johari uani bila salamu, akatoka.