Waridi Lisilopakwa Dhahabu

Vumbi la mbao huamka kabla ya watu katika mtaa huu wa maseremala wa Damietta, Misri. Jua likichungulia tu dirishani, vumbi tayari limejaa mwangani, jepesi, la rangi ya asali, likielea juu ya sufuria ya maharage, juu ya mashuka, juu ya kope za mume aliyelala na viatu.

Shawqi huchonga, Insaf hupaka dhahabu. Ndivyo ndoa yao ilivyo: mkono wa mume hutangulia, mkono wa mke hufuata kwa brashi ya manyoya, bonde kwa bonde, jani kwa jani. Hakuna anayeujua mkono wa Shawqi kama Insaf.

Ndiyo maana aliona.

Aliona kwanza katika mti. Kwenye ubao wa kitanda cha maharusi, waridi la kushoto lilikatwa kwa pupa, kama kazi ya mtu anayefukuzwa. La kulia lilitetemeka. Nyufa zilizibwa kwa ule uji wa gundi na vumbi ambao kila karakana hufichia makosa madogo; hapa uji ulikuwa mwingi kuliko mti.

Kisha akaona katika mtu. Mboni ndogo kama tundu la sindano, hata penye kiza. Pua inayokunwa mpaka inakuwa nyekundu. Jasho bila joto. Sahani ya samaki inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Jioni maneno mengi, asubuhi jiwe.

Na kidole gumba. Mafundi wa hapa huikagua kazi kwa kuipitishia gumba, macho yamefumbwa. Shawqi alipitisha lake, kibanzi kikazama nyamani, naye akaendelea kutabasamu.

Insaf akauchukua ubao, akaurudisha karakana, Shawqi alikokuwa kazini.

"Kidonge cha mgongo tu hicho, shemeji," alisema Zaghlul, mwenye karakana, akikoroga chai. "Hapa tunatiliana kwenye chai kama sukari. Mtu anasimama kutwa, halalamiki. Wewe paka dhahabu, bibi harusi aone mng'aro."

"Sipaki."

"Haya, Shawqi! Mkeo kawa daktari!"

Wanaume wakacheka.

"Cheka, Zaghlul. Mpwa wako alipoanguka hapo ulipokaa, povu mdomoni, ulisema jua limempiga. Na baridi ile, jua gani?"

Kijiko kikanyamaza kikombeni.

"Insaf," alisema Shawqi, hakuinua uso, "usiniaibishe mbele ya watu."

"Nikiupaka ubao huu, nimekupaka wewe. Sipaki."

Akashika patasi. Akaukwangua ule uji wote, ufa baada ya ufa, mpaka mti ukabaki uchi. Akauburuta ubao hadi mlangoni, akauegemeza ukutani, mbele ya mtaa ambao haujawahi kutoa nje kazi isiyong'aa. Mafundi waliopita walitazama, wakaficha vidole gumba vyao. Hakucheka hata mmoja.

Shawqi akatoka kuuondoa. Kwa mazoea alifumba macho, akapitisha gumba. Alipoyafumbua, waridi lilikuwa jekundu. Alitazama damu ikichuruzika, akatazama kidole ilikotoka.

"Mbona sisikii kitu?"

"Hicho ndicho nilichokiona mimi."

Alikaa kizingitini. Mtaa mzima ulikuwa ukitazama; safari hii hakujali.

"Nipeleke," alisema.

Vidonge, Insaf hakuvitupa. Alivifunga kwenye leso, akavipeleka hospitali pamoja na Shawqi mwenyewe, kwa sababu daktari alipaswa kujua ni vipi na vingapi, na kwa sababu kuvikata ghafla kungeweza kumwangusha kama mpwa wa Zaghlul. Vilipunguzwa kidogo kidogo. Shawqi alitapika, alitukana, alilia kama mtoto anayeota meno. Chai ya karakana iliendelea kumwita. Insaf alisimama mlangoni na kusema neno lake lilelile, "Sipaki," mpaka likawa na makali ya patasi.

Leo Shawqi amekaa dirishani na kipande cha mti. Anachonga jani moja, polepole. Anafumba macho, anapitisha gumba.

"Akh! Inauma, mwanamke! Inauma!"

Insaf anashika kile kidole, anachomoa kibanzi kwa kucha, anacheka mpaka machozi.

"Sema tena."

Vumbi jipya linaelea mwangani, la rangi ya asali, linatua juu ya kope za mtu aliye macho. Kitambaa kiko mkononi mwa Insaf. Halifuti.