Ampea Sita

Kiden alifika Gurei, pembezoni mwa Juba, Jumatano asubuhi, tarehe sita Julai mwaka 2016, begi la vifaa mgongoni na mita ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi wa sola mwenye kibanda chake mtaa wa Hai Mauna, mwanamke wa miaka thelathini na mitano. Ufundi aliupata Arua, Uganda, miaka ya ukimbizini, kwa mzee wa gereji aliyemkataza kubadilisha kifaa chochote kabla ya kukipima.

Aliyemwita alikuwa Teresina, mkunga, ambaye Gurei nzima walimwita Sista kama wanavyowaita wauguzi wote. Alisomea Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha huko. Kanisa dogo lilimpa trela ya kusafiria, nyeupe yenye mstari wa kijani, iliyovutwa na gari kutoka Uganda mwezi wa Januari. Ndani mlikuwa na kitanda cha kuzalishia, sinki, taa, na friji ndogo ya dawa. Juu ya paa zilikuwa paneli mbili. Trela ilisimama kwenye kiwanja chenye ukuta wa mabati, karibu na kijisoko cha Gurei.

"Dada, friji inazima kila alfajiri," Teresina alisema. "Jana mama mmoja, anaitwa Tisa, alijifungua, akatokwa na damu nyingi. Dawa niliyomdunga ilikuwa imepata joto siku tatu. Nilimdunga tu, nikaomba Mungu."

Tisa mwenyewe alikuwa amelala kitandani, uso umempauka, mtoto kifuani.

"Mafundi wangapi wameshakuja?"

"Wawili. Kila mmoja alisema betri imekufa. Tumenunua betri mpya mara mbili tangu Aprili."

Kiden alipanda paani kwanza. Ulikuwa msimu wa mvua, na paneli zilikuwa na utando wa matope pamoja na majani ya mwarobaini. Alizifuta. Alipima, akapata volti ishirini na moja. Paneli zilikuwa nzima. Akashuka, akafungua kisanduku cha betri upande wa nyuma. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe, akavisugua kwa maji moto na magadi mpaka vikang'aa. Kontrola, kile kifaa cha kuongoza chaji, ilikuwa inachaji vizuri. Akaziwekea betri zote mbili mzigo wa taa kubwa ya gari, akasubiri nusu saa huku akitazama mita. Hazikushuka.

"Betri zako hazina ugonjwa," alimwambia Teresina. "Zinajaa mchana, halafu kuna kitu kinazinywa."

"Kitu gani? Usiku nabakisha friji peke yake."

"Zima kila kitu. Friji pia."

Teresina alizima. Kiden akachomoa fyuzi zote moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya sinki. Sasa trela nzima haikupaswa kuchukua umeme hata kidogo. Akabana mita kwenye waya mkubwa wa betri, akasoma. Alidhani amekosea. Alifungua mita, akabana tena.

Ampea sita.

Alipiga magoti akaangaza tochi nyuma ya betri. Chini kabisa, chini ya waya nene, palikuwa na waya mbili nyembamba nyeusi zilizofungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, kabla ya fyuzi yoyote. Ziliteremka kwenye tundu lililotobolewa sakafuni, na ukingo wa tundu ulikuwa bado unametameta.

"Chini hapa pana nini?"

"Tanki la maji machafu. Lilipasuka Machi. Lomoro alilitoa akatuwekea lingine."

Lomoro alikuwa mlinzi wa kiwanja, kijana mpole wa miaka kama ishirini na saba ambaye kila asubuhi alimchotea Sista maji bila kuombwa. Wakati huo alikuwa ametoka kwenda sokoni. Kiden alilala chali akajisukuma chini ya trela. Badala ya tanki aliona sanduku la bati lililofungwa kwa bolti nne. Alizilegeza mbili, akainua ukingo.

Ndani mlikuwa na redio kubwa ya rangi ya majani makavu, aina ambayo alishaiona kwenye magari ya wanajeshi tu. Kando yake simu za upepo kumi na nne zilikuwa zimepangwa kwenye chaja, kila moja na kijitaa chekundu. Waya mwingine ulipanda ndani ya nguzo ya turubai la kivuli, na ndio uliokuwa antena.

Alitoka chini ya trela mgongo umelowa matope. Alikuwa amefungua mdomo kumweleza Teresina alipoviona viatu vya Lomoro karibu na gurudumu.

"Mama fundi," Lomoro alisema kwa upole, "mimi iko naomba. Funga hiyo kitu kama ulikuta."

Mkononi alikuwa na kilo ya sukari na mkate. Hakuwa na bunduki, wala hakupandisha sauti. Teresina alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Lomoro, umeweka nini kwa nyumba yangu?"

"Sista, hiyo si ya kukuumiza. Watu inaheshimu trela yako. Hakuna mtu inatafuta kitu kwa mama ya kuzaa." Akamgeukia Kiden. "Wewe weka betri ingine. Friji yake ifanye kazi, na yangu ifanye kazi. Ni mpaka Jumamosi tu."

"Jumamosi kuna nini?" Kiden aliuliza.

Lomoro aliuweka mkate juu ya ngazi ya trela, taratibu.

"Baada ya Jumamosi hakuna mtu itauliza habari ya friji."

Hapo ndipo Kiden alipoogopa hasa. Wiki nzima mjini watu walikuwa wakinong'onezana. Bei ya unga ilipanda, na jirani zake wawili walikuwa wamewapeleka watoto Nimule, mpakani na Uganda, bila kuaga. Hakujua Lomoro ni wa upande gani, na aliamua kutouliza.

"Betri sina hapa," alisema. "Iko kibandani. Nitaleta kesho."

"Sawa. Begi lako ibaki." Lomoro alilichukua begi la vifaa akalitundika begani. "Kibanda yako mimi najua. Iko karibu na kinu, mlango ya bluu. Unakaa na dada yako."

Kiden hakuwahi kumtajia habari hizo.

Alirudi Hai Mauna kwa miguu. Dada yake, Betty, aliposikia alianza kufunga nguo papo hapo.

"Acha begi liende! Kesho tupande gari la Nimule. Huyo mkunga si ndugu yako."

"Nisipotokea atajua nimekwenda kusema. Yule mama hawezi kutembea hata hatua kumi, na Sista hatamwacha."

"Kwa hiyo utakwenda kumchajia redio?"

Kiden alivuta kiti. Alikaa akimenya waya mezani, akifikiri. Jambo moja alikuwa nalo: Teresina alikuwa amemwambia kwamba kila Alhamisi Emilio, dereva wa kanisa, huleta dawa kwa Land Cruiser yenye ndoano ya kuvuta trela. Kulipopambazuka alimsindikiza Betty mpaka kwenye gari la Nimule, akampa simu yake ya pili, kisha akapakia betri kwenye bodaboda na kurudi Gurei.

Lomoro alimfungulia lango na kumrudishia begi. Kiden aliingia chini ya trela na kisu. Alizichuna zile waya nyembamba sehemu moja, akakata nyuzi za shaba zilizo ndani, akabakiza tatu tu, kisha akafunga utepe juu yake kama kazi iliyokwisha. Kisu kiliteleza kikamkata kidole gumba. Akaunganisha betri mpya na kurudisha fyuzi.

Haikuchukua muda. Nyuzi tatu haziwezi kubeba mzigo huo. Plastiki ilianza kunuka, kisha moshi mweusi ukatoka chini ya sakafu.

"Lomoro!" Kiden aliita, na hofu katika sauti yake haikuwa ya kuigiza. "Maji ya mvua yameingia kwenye sanduku lako. Waya inaungua. Vikishika moto hapo ndani vitalipuka vyote, na sisi pamoja navyo."

Lomoro aliutazama moshi, akamtazama Kiden, akautazama tena moshi. Kwa mara ya kwanza upole ulimtoka usoni.

"Watu yangu itaniua," alisema.

"Basi vitoe vikauke. Mimi nibadilishe waya."

Alivitoa kwa mikono yake, simu kumi na nne na redio, akavibeba kwa gunia mpaka kwenye chumba chake cha mabati pembeni ya lango. Redio iligoma kuwaka. Alijaribu simu yake ya mkononi, mtandao ukakataa.

"Mimi naenda huko juu ya barabara kupata mtandao. Hakuna mtu inatoka hapa."

Alifunga lango kwa nje, kufuli ikalia. Emilio alifika dakika kama ishirini baadaye, mzee wa maneno machache, akapiga honi. Kiden alimsemesha kupitia tundu la bati.

"Baba, lango limefungwa. Vuta ukuta."

"Nivute nini?"

"Ukuta, baba! Funga mnyororo uvute. Nitakueleza njiani."

Emilio alishuka garini. Kisha wakasikia mnyororo ukiburuzwa. Bati tatu zilianguka kwa kishindo, majirani wakachungulia na kurudi ndani haraka. Walifunga trela kwenye ndoano, Teresina akamlaza Tisa na mtoto sakafuni juu ya godoro, wakaondoka. Zile redio Kiden aliziacha chumbani kwa Lomoro. Hakutaka kuzigusa wala kukutwa nazo.

Kwenye kizuizi kabla ya kushika njia ya Rejaf, kusini mwa mji, walisimamishwa. Askari mmoja aliinama chini ya trela, akaona sanduku tupu, akatia mkono, akanusa vidole.

"Hapa mlikuwa na nini?"

"Tanki la maji, afande," Kiden alisema.

"Maji inanuka moshi?"

Mtoto wa Tisa alianza kulia. Askari alisogeza pazia, akaona damu kwenye kanga, akarudi nyuma. Alizunguka mpaka kwenye kisanduku cha betri na kuichukua ile mpya, bila haraka, kama mtu anayechukua kitu chake.

"Nendeni. Na msirudi mjini kesho."

Jioni hiyo wakiwa Rejaf, kando ya jumba la zamani la misheni, walisikia kwamba watu wameuawa kwenye kizuizi kimoja upande wa magharibi. Ijumaa alasiri mizinga ilianza. Ililia mpaka Jumatatu. Kiden alikaa kwenye ngazi ya trela akiutazama moshi mweusi upande wa Juba, akijaribu kukadiria Hai Mauna iko wapi ndani yake. Ndani ya trela friji ilikuwa inafanya kazi kwa zile betri mbili za zamani. Wanawake watatu walijifungua humo katika siku zile nne, na mmoja aliokolewa kwa sindano iliyokuwa baridi kama inavyotakiwa.

Siku ya tisa tangu watoroke Gurei, simu ya Teresina iliita. Namba haikuwa na jina.

"Sista." Alikuwa Lomoro, na alipumua kama mtu mwenye jeraha. "Fundi iko?"

Kiden aliichukua simu.

"Ile waya ulikata wewe," Lomoro alisema. "Baadaye mimi niliona kwa waya, kisu ilikata. Malesh, si kitu. Niliwaambia watu yangu mmepita njia ya Yei. Walinipiga, niliwaambia njia ya Yei. Sasa mtu ya kizuizi amewaambia ukweli. Wanatafuta trela ya mstari ya kijani."

"Uko wapi? Lomoro, uko wapi?"

Simu ilikatika. Alipiga mara saba, haikuita tena, siku ile wala baadaye.

Walijadiliana kwa muda mfupi sana. Teresina alitaka kukaa, kwa sababu mama mwingine alikuwa ameshaanza uchungu. Mwishowe waliamua kuiacha trela pale, tupu, mlango wazi. Kiden aling'oa friji na betri zote mbili, akavipakia nyuma ya gari la Emilio pamoja na yule mama, Tisa na mtoto. Paneli moja aliifunga juu ya paa la gari kwa kamba.

Mtoto wa yule mama alizaliwa njiani, kabla ya Nimule. Walipovuka mpaka, Betty alikuwa amesimama upande wa pili, amevaa gauni lile lile la Alhamisi. Alimshika Kiden kwa mikono yote miwili, akamwuliza kama kuna mtu anawafuata. Kiden aligeuka akatazama barabara. Ilikuwa imejaa watu, maelfu, na hakuweza kujua.